Barua ya wazi: Pikipiki ilipewa hati, mtoto wetu hakupewa

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Mkurugenzi wa Mashtaka,
Mkuu wa Jeshi la Polisi.

YAH: SAA YA KUKAMATWA MTU, NA YANAYOHARIBIKA ISIPOANDIKWA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Sina shahada ya sheria, na mahakamani siruhusiwi kusimama kumtetea mtu. Kazi yangu chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ni kumweleza jirani haki yake kwa lugha anayoielewa, kumsaidia kuandika barua, na kumwonyesha mlango wa kubisha. Mwaka jana aliyehitaji kuonyeshwa mlango nilikuwa mimi.

Nimeandika barua tatu kimyakimya kabla ya hii. Ya kwanza ilipigwa mhuri, nikapewa nakala. Ya pili niliambiwa inafanyiwa kazi. Ya tatu, nilipokwenda kuifuatilia, karani aliniuliza kama nina nakala nyingine kwa sababu ile haionekani. Miezi kumi na mmoja imepita. Sitaitaja ofisi hata moja wala mtu yeyote, maana shida ninayoileta haikuanza na mtu mmoja na haitakwisha akihamishwa.

Nianze na kilichotokea.

Mtoto wa kaka yangu anaendesha bodaboda ya mkataba. Ijumaa moja jioni, yapata saa kumi na moja na nusu, watu watatu waliovaa kiraia walifika kijiweni, wakamwita kwa jina lake la utani, wakamtia pingu. Aliuliza kosa lake. Akajibiwa, "Utalijua mbele." Pikipiki ikapakiwa nyuma ya gari, na yeye pamoja nayo. Mwenye pikipiki ni mtu wa biashara, hapotezi muda. Aliwahi kituoni kabla ya magharibi na hakuondoka mpaka alipoandikiwa hati ya kukamata mali: aina ya pikipiki, namba, rangi, "kioo cha kushoto kimepasuka", saa 11:50 jioni, saini ya askari, saini yake. Hati safi, haina doa. Naisifu kwa dhati.

Mimi nilifika Jumamosi asubuhi na chupa ya chai na maandazi. Askari wa zamu, kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo, nikaitikia, nikamtajia jina. Akapitisha kidole kitabuni, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Huyu hajaandikwa, mama."

"Hajaandikwa, lakini yumo?"

"Yumo."

"Sasa kama hajaandikwa, amekaa humo kama nani?"

Alicheka kidogo, cheko la mtu asiye na jibu, akaipokea ile chupa na kuipeleka ndani. Baada ya muda ilirudi tupu. Siku hiyo nzima, chupa tupu ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu pekee kwamba mtoto wetu yuko mikononi mwa dola.

Aliandikwa Jumatatu saa 2:30 asubuhi. Kitabu nimekiona kwa macho yangu. Kwa mujibu wa kumbukumbu hizo, pikipiki ilikamatwa Ijumaa jioni ikiwa inajiendesha, na dereva wake akakamatwa Jumatatu.

Jumanne saa mbili asubuhi alipandishwa mahakamani. Ukihesabu kwa kitabu, saa 24 hazijatimia, kila kitu kiko sawasawa. Ukihesabu kwa hati ya pikipiki, zimepita saa 86.

Hilo ndilo jambo langu, waheshimiwa. Mengine yote nitakayoyaeleza yameota hapo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985, imejaa saa na siku ambazo mtu hatakiwi kuzidishiwa. Ila saa ya kwanza, ile ambayo nyingine zote zinahesabiwa kutoka kwake, imeachwa iandikwe na yule yule anayebanwa nayo, anapopata nafasi. (Namba za vifungu ninazozitaja ni za toleo la mwaka 2022 ambalo wengi tumelizoea. Mawakili wasinishike kwa hilo.)

Hoja ya 1: Mali ina stakabadhi, mtu hana.

Kifungu cha 38(3) kinamtaka askari aliyekamata kitu wakati wa upekuzi atoe stakabadhi, yenye saini ya mwenye mali na ya mashahidi kama wapo. Mahakama zetu zimekuwa kali kwenye jambo hili. Kesi za dawa za kulevya na nyara za serikali, yaani meno, ngozi na nyama za wanyamapori, zimekufa kwa sababu ya hati iliyokosewa. Na polisi wamejifunza, ndiyo maana hata pikipiki ya kijijini kwetu iliandikiwa hati yenye kioo kilichopasuka.

Kwa binadamu, kifungu cha 23 kinasema anayekamatwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwake. Aelezwe kwa mdomo. Hakuna karatasi anayopewa yeye wala ndugu yake inayosema: fulani, amekamatwa saa fulani, mahali fulani, na askari mwenye namba fulani, kwa tuhuma fulani, anapelekwa kituo fulani. Familia inazunguka vituo vitatu usiku kucha ikiulizia mtu kama inayoulizia mbuzi aliyepotea, na kila kaunta inajibu "hapa hayupo" bila kusema uongo, kwa sababu kwenye kitabu kweli hayupo.

Nakubali kwamba sheria haikulala kabisa. Inamtaka mkuu wa kituo ampelekee hakimu wa karibu taarifa za watu wote waliokamatwa bila hati ya mahakama katika eneo lake, wawe wamedhaminiwa au hawajadhaminiwa. Ni kanuni nzuri mno. Lakini taarifa inatoka kwenye kitabu, na kitabu kinasema Jumatatu.

Hoja ya 2: Saa nne, saa nane, saa ishirini na nne.

Watu wengi wanazijua saa 24 tu. Iko saa nyingine, fupi zaidi. Kifungu cha 50 kinawapa polisi saa nne za kumhoji mtuhumiwa, zinazoanza kuhesabiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Zipo dakika zinazotolewa kwenye hesabu, kwa mfano za kumsafirisha, na hilo ni haki. Zikiwa hazitoshi, kifungu cha 51 kinaruhusu kuongeza hadi saa nane, na zaidi ya hapo aombwe hakimu.

Mtoto wetu alihojiwa Jumamosi usiku. Maelezo yake ya onyo, yaani yale anayoandikwa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yanaonyesha yalichukuliwa Jumatatu saa 4 asubuhi. Kutoka saa 2:30 hadi saa 4:00, mnaona wenyewe, hesabu inakubali vizuri mno.

Hapa naomba niseme na wale wanaoona kwamba watu kama mimi tunawatetea wahalifu. Mahakama ya Rufani imeshayatupa maelezo ya onyo katika kesi nzito, zikiwemo za mauaji, kwa sababu tu yalichukuliwa nje ya saa nne bila kibali cha kuongeza muda. Mshtakiwa akaachiwa. Familia ya marehemu ikarudi nyumbani haielewi imekuwaje muuaji, kwa imani yao, atoke mlango wa mbele. Nimewahi kukaa na mama wa namna hiyo kwenye benchi nje ya mahakama, nikijaribu kumweleza kifungu cha 50. Jaribuni siku moja. Mkiichezea saa mnamuumiza mtuhumiwa asiye na hatia, na kesho yake mnampa mwenye hatia njia ya kutokea.

Hoja ya 3: Kamata ya Ijumaa.

Kila mtu wa mtaani anaijua. Ukitaka kumkomoa mtu, mkopeshaji kwa mdaiwa wake, mpangaji na mwenye nyumba, mwenye shamba na jirani wa mpakani, fungua malalamiko Ijumaa mchana. Jumamosi na Jumapili hakimu hayupo, mtendaji wa mtaa hayupo, mwenyekiti anayeandika barua ya wadhamini amekwenda msibani. Hadi Jumatatu deni limelipwa, kesi haipo, na hakuna aliyeandikwa popote.

Kifungu cha 32 hakisemi saa 24 za siku za kazi. Kinasema kwamba aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, ikiwa haielekei kuwezekana kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo alichunguze shauri na amwachie kwa dhamana, isipokuwa kama anaona kosa ni kubwa. Maana yake ni kwamba kama hakimu hayupo Jumamosi, huo ni msingi wa kumpa mtu dhamana. Sisi tumeugeuza kuwa msingi wa kumnyima.

Hoja ya 4: Dhamana ya bure inayogharimu.

Hapa sitakaa sana, kila msomaji ana yake. Bango la "dhamana ni bure" lipo ukutani, na chini ya bango kuna benchi ambalo ndugu wanachangishana. Haiitwi rushwa. Inaitwa hela ya karatasi, hela ya kutoa kopi, mafuta ya gari, "tusaidie tu vijana wapate soda". Kwa mtu ambaye hajaandikwa kitabuni bei huwa kubwa zaidi, kwa sababu akiondoka hakuna alama yoyote kwamba aliwahi kuwemo. Rejeeni hoja ya kwanza.

Hoja ya 5: Kosa linalochaguliwa na kalamu.

Jumamosi kaunta walituambia ni wizi wa simu: abiria mmoja amelalamika kwamba alinyang'anywa simu na watu wawili kwenye pikipiki. Jumanne hati ya mashtaka ilisomeka unyang'anyi wa kutumia silaha. Panga lilikuwa limeingia kati ya Jumamosi na Jumanne. Kosa hilo kifungo chake hakipungui miaka 30, na limo kwenye orodha ya kifungu cha 148(5), pamoja na mauaji, uhaini, ugaidi, utakatishaji fedha na mengineyo, ambayo mahakama haina uwezo wa kutoa dhamana.

Hakimu alimtazama kijana, akaitazama hati, akasema dhamana imefungwa na sheria. Simlaumu. Kwa kifungu hicho hana nafasi hata ya kuuliza, "Panga lenyewe liko wapi?" Anayeamua kama mtu alale kwake au rumande ni aliyeandika namba ya kifungu kwenye hati ya mashtaka.

Suala hili limeshafika juu. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Paulo Sanga, ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na kifungu kimebaki. Uamuzi wa mahakama ya juu nauheshimu. Lakini Bunge halijakatazwa kukirekebisha. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inasema ni marufuku mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika, na sijui tunamtendeaje mtu ambaye hata swali moja juu ya ushahidi haliruhusiwi kabla hajapelekwa gerezani.

Mwaka 2022 mlifanya jambo la maana sana. Kifungu kipya cha 131A kilisema hati ya mashtaka isifunguliwe mpaka upelelezi ukamilike. Tulishangilia, mimi nilikitangaza kwenye mikutano ya kijiji. Kisha tukasoma mstari wa pili: haihusu makosa makubwa wala yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Basi ukitaka kuikwepa 131A, andika kosa kubwa. Kwa hiyo panga.

Hoja ya 6: "Mahakama hii haina mamlaka."

Hili sikuliona mwenyewe, nimelipata kwa mtoto wetu, ambaye rumande alilala ubavu kwa ubavu na watu wa kesi za mauaji na uhujumu uchumi. Anasema wana utani wao. Mwenzao akiulizwa jambo lolote, hata kama ameshiba, anajibu: "Sitakiwi kujibu chochote, mahakama hii haina mamlaka."

Kwa asiyejua: mtu wa mauaji hupelekwa kwanza mahakama ya chini, ambayo haina mamlaka ya kusikiliza mauaji. Anasomewa shtaka, anaambiwa asijibu, anarudishwa. Baada ya siku 14 analetwa tena. Wakili wa serikali anasema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Hakimu anachoweza kufanya ni kuahirisha. Kwa uhujumu uchumi ni vivyo hivyo mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe ridhaa na, ikibidi, hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka. Kugawa mamlaka kati ya mahakama kuna maana yake, kesi ya kunyonga haifai kusikilizwa popote. Lakini tumeifikisha mahali ambapo mtu anasimama mbele ya hakimu mara arobaini na hajawahi kusikilizwa hata mara moja. Anafikishwa mahakamani, hafikishwi kwa hakimu.

Hoja ya 7: Mlangoni.

Kesi ya mtoto wetu ilikuwa na saa yake, ile ya kifungu cha 225: siku 60 za kuahirisha. Kikija cheti cha kuomba muda kutoka kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa zinaongezwa 60, cha wakili wa serikali 60 nyingine, na cha Mkurugenzi wa Mashtaka hadi jumla ya miezi 24. Vyeti visipokuja, mahakama isikilize kesi au imwachie mshtakiwa. Cheti cha kwanza kilikuja. Cha pili hakikuja. Katika mwezi wake wa tano rumande, hakimu akasema maneno ambayo mama wa kijana aliyasubiri tangu ile Jumanne: uko huru.

Alitembea kama hatua kumi na mbili. Nilizihesabu baadaye, nilirudi pale kuzihesabu. Kutoka kizimbani hadi kwenye ngazi ya nje, pale penye ndoo ya maji ya kunawa. Askari wawili walikuwa wamesimama, mmoja kila upande wa mlango. Mama yake alikuwa ameshanyoosha mikono.

Alikaa kituoni siku sita nyingine. Safari hii hakuandikwa kabisa. Kisha akaambiwa aende nyumbani, "tukikuhitaji tutakuita." Hakuna karatasi ya kuingia, hakuna ya kutoka.

Sheria inasema kuachiwa kwa namna ile si kuachiwa moja kwa moja, mtu anaweza kushtakiwa tena. Najua. Vivyo hivyo kwa kifungu cha 91, pale Mkurugenzi wa Mashtaka anapoondoa shauri. Lakini sheria inayosema anaweza kushtakiwa tena haikusema akamatwe hatua ya kumi na mbili, kwa ushahidi ule ule ambao dakika tano kabla haukutosha hata kwa cheti. Ibara ya 59B(4) ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka, katika kazi zake, azingatie nia ya kutenda haki na kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki. Kama mlango ule si mahali pa kuanzia kuzuia, ni wapi?

Sasa yale ambayo nitajibiwa, kwa kuwa nimeshajibiwa.

Nitaambiwa *hatuna magari, hatuna mafuta, hatuna karatasi*. Naamini. Nimewahi kuombwa na askari kalamu yangu aandikie maelezo ya mteja wangu, nikampa, hakuirudisha. Lakini hati ya pikipiki iliandikwa siku hiyo hiyo, kituo hicho hicho, kwa kalamu. Karatasi ya mtu haihitaji gari.

Nitaambiwa *tukimwachia haraka, wananchi watasema tumehongwa, watamchoma moto*. Hili ndilo jibu la kweli kuliko yote na silidharau. Hapa kwetu mwizi wa ng'ombe akionekana sokoni siku ya pili, watu hawaulizi kifungu. Hata mimi nimeshafuatwa na mjane aliyeibiwa mbuzi wanne, akaniuliza kwa hasira kwa nini namfundisha mwizi wake haki. Nilichomjibu ni hiki: dhamana ina tarehe ya kurudi, ina wadhamini wawili, ina maandishi. Alitulia nilipomwonyesha maandishi. Watu wanachoma moto pale wasipoona karatasi yoyote, kwa sababu mtu aliyeingia bila kuandikwa na akatoka bila kuandikwa ni kweli anafanana na mtu aliyehonga.

Nitaambiwa *neno "inapowezekana" limo kwenye sheria*. Limo. Liliwekwa kwa ajili ya mito iliyofurika na visiwa visivyo na boti. Kituo chetu na mahakama vinatazamana.

Nitaambiwa *mapendekezo yanafanyiwa kazi*. Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake kwa Rais tarehe 15 Julai 2023. Iliyagusa mengi ya haya, pamoja na wakuu wa wilaya na mikoa wanaoitumia vibaya nguvu ya kuweka watu ndani saa 48 waliyopewa na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997. Tulishukuru kuona serikali inajisema yenyewe. Ninachoomba hakihitaji tume nyingine.

Ninaomba haya:

1. Hati ya kukamatwa mtu. Nusu karatasi, kwa Kiswahili, nakala tatu: ya kituo, ya aliyekamatwa, ya ndugu atakayefika. Iwe na saa, mahali, tuhuma, namba ya askari, na kituo anachopelekwa. Iandikwe pale pale anapokamatwa, au anapofikishwa kaunta kabla hajavuliwa mkanda. Mkuu wa Jeshi la Polisi anaweza kuanza nayo kwa maelekezo ya ndani wakati Bunge linasubiriwa. Na saa zote za kifungu cha 32, 50 na 51 zihesabiwe kwa hati hiyo. Isipokuwepo, mahakama iamini saa inayotajwa na mshtakiwa mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo.

2. Hakimu wa zamu siku ya Jumamosi, angalau makao makuu ya kila wilaya, kwa ajili ya dhamana na maombi ya kuongeza muda wa mahojiano tu.

3. Kifungu cha 148(5) kirekebishwe ili hakimu, kabla ya kufunga mlango wa dhamana, aweze kuuliza kama kuna ushahidi wowote wa kile kinacholifanya kosa liwe kubwa. Kama ni panga, panga. Asiulize mengine.

4. Aliyeachiwa chini ya kifungu cha 225 au 91 asikamatwe tena kwa jambo lile lile bila hati ya mahakama iliyotolewa kwa kuonyeshwa ushahidi mpya.

5. Mahakimu watembelee mahabusu za polisi bila kutoa taarifa, kama majaji wanavyotembelea magereza, wakiwa na kitabu mkono mmoja na wakihesabu vichwa kwa mkono mwingine. Ombi hili la tano linahitaji Mahakama ikubali, nami naomba mlifikishe kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu.

Nakala ya hati ya pikipiki ninayo, na maelezo ya onyo ninayo, na hati ya mashtaka. Nitazileta ofisi yoyote nitakayoitwa, kwa nauli yangu.

Mtoto wetu yuko nyumbani. Haendeshi tena, mkataba ulivunjika kwa sababu hesabu ya kila siku haikuletwa kwa miezi mitano. Pikipiki bado iko kituoni, chini ya mwarobaini, magurudumu yote mawili yameisha upepo. Mwenye pikipiki kila akienda kuidai anaambiwa jalada halijafungwa. Anakwenda na hati yake mkononi, ile ya saa 11:50 jioni, na hakuna anayethubutu kumwambia kwamba pikipiki haipo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Kanda ya Ziwa